Mume kachepuka, kaungama, kapokea komunyo. Aliyebaki kwenye benchi ni mimi

Mama wa Vitambaa

Tumsifu Yesu Kristo. Na wasio wakatoliki, habari za jioni wakuu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Nauandika kwa sababu kila baada ya siku chache anatokea dada anauliza "mume wangu kachepuka, Kanisa linasemaje?" na majibu yanakuwa yale yale mawili: "vumilia, ndoa ni msalaba", au "ondoka hapo, ukatoliki ni utumwa". Nimeambiwa yote mawili uso kwa uso. Kanisa halifundishi hilo la kwanza wala hilo la pili.

Yangu ilianza na simu. Mwaka jana mwezi wa 3, mume anaoga, simu iko mezani pembeni ya chupa ya chai, ukaingia ujumbe: "Imefika. Homa imeshuka, anauliza baba yuko wapi." Mtumaji kaandikwa "Fundi Bomba". Nikakaa na ile simu nikijiuliza, fundi bomba gani huyu ana mtoto anayemwita mume wangu baba.

Hakukana, hilo nampa. Mtoto ana miaka miwili na nusu. Ndoa yetu ina miaka 11, tulitangazwa Jumapili tatu mfululizo na hakuna aliyeleta pingamizi.

Habari hazifichiki, wiki ya pili jumuiya, wale majirani wakatoliki tunaosali nao, wakaja nyumbani. Tukasali fumbo moja, wakanywa chai, ndipo mwenyekiti akaanza kwa mbali na mifano ya Ayubu. Mama mmoja mtu mzima, ninayemheshimu mpaka leo, akamaliza mchezo: "Mwanangu, mwanaume akitoka nje kuna kilichopungua? Msamehe. Ukimfungia mlango wa chumba, dhambi inahamia kwako."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonimaliza. Nikaiamini. Nikajiona nina kinyongo, mwenye kinyongo hapokei, basi nikaacha kupokea. Mwenzangu Jumamosi alikwenda kitubio, akaungama dhambi zake. Jumapili yake, benchi la tano upande wa sanamu ya Bikira Maria, foleni ya komunyo ikaanza, akasimama, akanyoosha kola, akaunganisha mikono. Nikakunja magoti apite. Watu wote wa nyuma wakaona nani kaenda na nani kabaki, na najua walihesabu vipi.

Nilikaa hivyo miezi. Aliyenitoa ni padre mmoja mzee sana, mstaafu, aliyekuja dukani kutafuta vifungo vya kanzu. Aliniuliza tu "mbona umekonda?" nikamwaga yote nikiwa nimeshika boksi la vifungo. Akasikiliza. Kesho yake akarudi na kitabu cha Sheria za Kanisa, kile cha 1983, akafungua Kanuni ya 1152 na kuniambia nisome mwenyewe, kwa sauti.

Nawaandikia kwa maneno yangu. Kanisa linamsihi sana aliyekosewa amsamehe mwenzake na asivunje maisha ya pamoja, kwa upendo wa kikristo na kwa ajili ya familia. Hapo ndipo jumuiya wanapoishia. Lakini sentensi inaendelea: pamoja na hayo, ikiwa hajalisamehe kosa, kwa kutamka au kwa vitendo, ana HAKI ya kuacha kuishi naye kama mume na mke. Haki, wakuu. Siyo udhaifu wa imani, na wala haijatajwa kama dhambi.

Ina masharti yake. Huna haki hiyo kama uliridhia mwenzio azini, kama wewe ndiye uliyesababisha, au kama na wewe ulizini. Na ina saa inayotembea: ukishajua kwa uhakika halafu ukakutana naye kimwili kwa hiari yako, umesamehe kwa vitendo. Ukiishi naye miezi 6 kama kawaida bila kwenda kwa mamlaka ya Kanisa wala ya serikali, inachukuliwa umesamehe. Ukiondoka, ndani ya miezi 6 upeleke shauri kwa mamlaka ya Kanisa, nao watachunguza na kuangalia kama unaweza kushawishika kusamehe.

Kifungo cha ndoa kinabaki pale pale. Huolewi na mwingine. Kinachoondoka ni kuishi pamoja.

Na lile la benchi alinisahihisha pia. Akanionyesha Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2843: haiko katika uwezo wetu kutosikia tena uchungu wa kosa na kulisahau. Mtu unaweza kuwa unauma na bado hujamkatalia mwenzio msamaha. Miezi yote ile nilichanganya jeraha na kinyongo. Mwenye la kuongeza aongeze.

---

Kiti cha Nyuma

Nimeleta stuli na karanga. Endeleeni.

---

Sina Dini Sina Deni

Pole sana dada. Ila mimi hapa ndipo nilipoachana na haya mambo. Jamaa kazaa nje, kaenda kwenye kiboksi dakika tano, kapewa Salamu Maria tatu, mchezo umekwisha. Mke anabaki na deni la kusamehe. Hata kampuni za mikopo zina huruma zaidi.

---

Katekista Mstaafu

@Sina Dini, hoja yako ina uzito, siikwepi. Nimefundisha wachumba miaka mingi na naona tulipowakosea: tunawafundisha namna ya kuungama, hatuwafundishi kinachofuata.

Kwanza tuelewane maneno. Uzinzi ni pale ambapo angalau mmoja wao ana ndoa na mtu mwingine, hata ikiwa ni mara moja tu (Katekisimu 2380). Uasherati ni wa wasio na ndoa wote wawili. Namba inayofuata, 2381, ndiyo inayonigusa: mzinzi anatajwa kama mtu aliyetenda UDHALIMU. Amevunja agano, ameumiza haki ya mwenzake, na amehatarisha hali ya watoto. Kwa hiyo siyo suala la mwili peke yake. Ni deni.

Kitubio chenyewe: bila majuto na nia thabiti ya kuacha, ondoleo la dhambi halifanyi kazi hata padre aseme maneno yote. Mtu anayeungama Jumamosi huku kapanga Jumatano ana miadi amepoteza muda wake, na amejiongezea dhambi nyingine. Na namba 1459 inasema ondoleo linaondoa dhambi lakini halitengenezi vyote vilivyoharibika, mtubuji ana wajibu wa kurekebisha anachoweza. Huyu wa kwetu anapaswa kukata uhusiano, kulea mtoto, kumwambia mkewe ukweli wa fedha zilizokuwa zinakwenda, na kama ndoa imeingizwa kwenye hatari ya magonjwa, wakapime. Salamu Maria tatu ni mwanzo tu.

Aliyoyasema mle ndani hatutayajua. Padre akivunja siri ya kitubio moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo. Kwa hiyo dada usimuulize padre "alikwambia nini". Muulize mumeo.

---

Mama wa Vitambaa

Nilikwenda kumuuliza padre kweli 🙈 Akaniangalia tu kama sijasema kitu, akaniuliza bei ya kitenge.

Kupima tulipima. Mara mbili, ya pili baada ya miezi 3. Yale masaa ya kusubiri majibu siwaelezi.

---

Mlutheri wa Mlimani

Ndugu zangu wa Roma, mnazunguka mbuyu. Mathayo 19:9, Bwana mwenyewe kasema: mtu atakayemwacha mkewe, *isipokuwa ni kwa sababu ya uasherati*, akaoa mwingine, azini. Sababu imetajwa. Kwa nini huyu dada afungwe kwa kosa la mwingine? Ana miaka mingapi, 35? Akae hivyo mpaka kaburini?

---

Katekista Mstaafu

Mlutheri, karibu, amri ya sita, usizini, tunaihesabu sawa mimi na wewe, huko mbele ndipo tunapoachana.

Mstari huo umesumbua watu tangu mwanzo. Waorthodoksi wanausoma karibu na unavyousoma wewe na wanaruhusu ndoa nyingine. Sisi tunausoma pamoja na Marko 10 na Luka 16, ambako hakuna "isipokuwa", na pamoja na Paulo, 1 Wakorintho 7: mke akiachana na mumewe, akae asiolewe au apatane naye. Tazama, Paulo anakubali kwamba kuachana kunaweza kutokea. Anachokataa ni kuolewa tena. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563 ukaliweka wazi: uzinzi wa mmoja hauvunji kifungo.

Ila nikupe kisa. Karne ya 4 huko Roma kulikuwa na mama wa ukoo mkubwa, Fabiola. Mume wake wa kwanza alikuwa na tabia chafu kiasi kwamba Mtakatifu Yeronimo, anapoandika habari zake, anasema hata kahaba asingevumilia. Fabiola akamwacha kwa sheria ya Kirumi, akaolewa na mwingine. Mume wa pili alipofariki, yule mama wa kitajiri akavaa gunia, akasimama na watubuji hadharani kwenye basilika la Laterani, nywele zimetimka, Roma nzima inatazama. Kisha akauza mali yake akafungua hospitali, na wagonjwa wenye vidonda vinavyonuka aliwaosha kwa mikono yake. Alifariki mwaka 399 na Kanisa linamheshimu kama mtakatifu.

Sasa angalia Yeronimo anamlaumu kwa lipi. Kumwacha mume mzinzi, hamlaumu hata kidogo. Anasema sheria za Kaisari ni nyingine na za Kristo ni nyingine, kwamba huko kwa Kaisari wanaume wamefunguliwa hatamu, lakini kwetu kisicho halali kwa mwanamke si halali kwa mwanaume pia. Kosa analoliona ni ile ndoa ya pili, na hata hiyo anamtetea kwa ujana wake.

Ule msemo wa "mwanaume akitoka nje kuna kilichopungua?" ulijibiwa miaka 1,600 iliyopita. Sijui kwa nini bado unapewa chai kwenye jumuiya zetu.

---

Baba Watatu

Sawa, mmeongea vizuri. Lakini ukweli usemwe pande zote. Kuna wanawake wananyima miezi sita, mume akienda nje wanaita wazee. Hiyo nayo mnaiitaje?

---

Mama wa Vitambaa

Baba Watatu, nilitaka nikujibu vibaya nikakumbuka kanuni yenyewe. Imo: aliyesababisha uzinzi wa mwenzake hana ile haki ya kutengana. Na Paulo kawaambia wanandoa wasinyimane isipokuwa wakipatana, kwa muda. Kwa hiyo Kanisa linakuona, usidhani halikuoni.

Ila kusababisha hakugeuzi uzinzi kuwa si uzinzi. Inamaanisha mmekosa wawili. Mimi sikunyima, na hata yeye hajawahi kusema hivyo, nashukuru. Alichosema ni kwamba "ilitokea tu". Mtoto wa miaka miwili na nusu, ilitokea tu.

---

Wakili wa Barazani

Niweke la serikali hapa, maana naona watu wanachanganya madawati.

Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 72: mume AU mke anaweza kumshtaki mtu aliyezini na mwenzi wake na kudai fidia, ndiyo ile tunaita fidia ya ugoni. Watu wanadhani ni ya wanaume peke yao. Siyo. Ila kama uliridhia, kesi inatupwa, na pia kama mdaiwa hakujua na hakuwa na namna ya kujua kwamba mwenzio ana ndoa. Uzinzi pia umetajwa kwenye kifungu cha 107 kati ya mambo yanayoonyesha ndoa imevunjika, na kabla ya kwenda mahakamani kwa kawaida mnapita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa.

Lakini talaka ya mahakama haigusi kifungo cha Kanisa. Unatoka na karatasi ya serikali, mbele ya paroko bado una mume. Nimeona watu wanalia wakigundua hilo siku ya kuandikisha ndoa ya pili.

---

Sina Dini Sina Deni

Nilijua tu mtafika hapo. Mlango mmoja unafunguliwa, wa pili unapigwa kufuli.

---

Mwali wa Zamani

Mimi nauliza na ninaomba msinicheke. Wangu alikuwa na yule mwanamke tangu tukiwa wachumba. Siku ya harusi yetu alikuwa amekaa benchi la pili, tuliambiwa ni binamu. Hajawahi kumwacha. Hii ni ndoa kweli?

---

Katekista Mstaafu

Hakuna wa kukucheka dada yangu.

Uzinzi uliotokea baada ya ndoa, hata uwe wa miaka 20, haubatilishi ndoa iliyofungwa sawasawa. Lakini swali lako ni jingine. Wewe unauliza alikuwa na nini moyoni SIKU ILE alipotamka. Kanuni ya 1101 inasema anayetamka maneno ya ndoa huku kwa utashi wake ameikataa sifa ya msingi ya ndoa, ametamka bure. Kama alisimama altareni akiwa ameshaamua kuwa na wawili, Mahakama ya Kanisa ina cha kuchunguza, na huyo binamu wa benchi la pili ni ushahidi.

Siwezi kukuahidi matokeo, maana Kanisa linaidhania ndoa kuwa halali mpaka ithibitishwe vinginevyo. Utahitaji mashahidi waliojua mambo kabla ya harusi, siyo waliosikia baadaye. Anza kwa paroko wako. Zamani hukumu ya ubatili ilikuwa lazima ithibitishwe na mahakama ya pili, Papa Fransisko aliliondoa hilo mwaka 2015, na palipo na ushahidi wa wazi na wote wawili mmekubaliana, askofu mwenyewe anaweza kuamua kwa njia fupi. Usikubali mtu akwambie "haiwezekani" pale mlangoni.

---

Mwali wa Zamani

Mpiga picha wa harusi bado yupo. Picha za lile benchi ninazo.

---

Mlutheri wa Mlimani

Mama wa Vitambaa, umetueleza kanuni vizuri. Wewe mwenyewe ulitengana?

---

Mama wa Vitambaa

Hapana.

Nieleze basi, nisije nikaonekana shujaa. Siku ile nasoma kwa sauti pale dukani, nilifika kwenye "akikutana naye kwa hiari yake baada ya kujua" nikanyamaza. Padre akasubiri. Wiki ya tatu baada ya ule ujumbe, jumuiya wameshaondoka, watoto wamelala, nilimfungulia mlango. Ilikuwa hiari? Sijui. Hakunilazimisha. Niliogopa ile dhambi niliyoambiwa inahamia kwangu. Na miezi 6 ilikuwa imepita, tulikuwa kwenye wa 8.

Nikamuuliza padre, basi nimeshasamehe bila kujua? Akasema mtu aliyefungua mlango kwa woga wa dhambi isiyokuwepo, yeye hana haraka ya kuiita hiyo hiari, na kama nataka kwenda mbele tutaliuliza kwa wanaohusika. Kisha akaniambia hata nikihesabiwa nimesamehe, nimesamehe lile lililopita. Hakuna kanuni inayonifanya nimesamehe kabla ya wakati litakalofuata.

Sikwenda mbele. Niliamua kubaki, na safari hii niliamua nikiwa najua kwamba ningeweza kuondoka. Ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa kwa jirani wa pili ni nyumba ile ile, sufuria zile zile.

Sasa hivi fedha ya mtoto inatoka kwa kuandikwa kwenye daftari langu la duka, tarehe na kiasi. Hilo nililidai mimi. "Fundi Bomba" ameandikwa jina lake. Simu zinapigwa sebuleni.

Komunyo nilirudi kupokea Alhamisi Kuu.

---

Kiti cha Nyuma

Karanga zimeniishia mkononi bila kula. Na yule mtoto, dada?

---

Mama wa Vitambaa

Mtoto hana kosa, hilo sikuhitaji kanuni.

Anabatizwa. Mama yake ni mkatoliki pia, parokia nyingine. Shida imekuja kwenye daftari la ubatizo. Cheti chake cha kuzaliwa sehemu ya baba iko wazi, na Kanuni ya 877 inasema jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa linaandikwa kama kuna hati ya serikali inayothibitisha, au baba mwenyewe atamke mbele ya paroko na mashahidi wawili. Mume wangu amesema atatamka. Shahidi mmoja amempata, kaka yake.

Juzi usiku nilikuwa nakata vitenge vya oda ya kwaya, akaja akakaa kwenye kigoda, akakaa weee, ndipo akaniomba mimi niwe wa pili. Anasema hataki mtu mwingine ajue habari zetu, na kwamba hakuna anayeujua ukweli huo kuliko mimi.

Nilikuwa na mkasi mkononi. Nikaendelea kukata mpaka mwisho wa doti. Ubatizo ni Jumamosi hii, na bado sijamjibu.